Kabla hujanunua kompyuta ya gemu za ndege: kutoka Kisumu hadi Nakuru

Muuzaji atakuuliza una bajeti ya ngapi. Usimjibu haraka. Mwambie kwanza unataka kurusha nini, na kama hujui, nenda ukajue kabla ya kutoa hata shilingi, kwa sababu gemu za ndege hazifanani kama gemu za mpira zinavyofanana. Kuna mtu anataka kuwasha ndege ndogo ya Cessna 172 pale uwanja wa Kisumu, aondoke kuelekea ziwani, ageuke, apande ukingo wa Nandi akatue Eldoret. Kuna anayetaka vita vya angani na makombora. Kuna wa vyombo vya anga za mbali. Mashine zao si moja, na huyo wa kwanza ndiye anayepunjwa zaidi dukani: anauziwa kasha la kioo lenye taa za kila rangi, halafu anarudi nyumbani kurusha ndege kwa kibodi kwa kuwa pesa zimeisha.

Msimamo wangu ni kwamba kwa gemu za ndege, mashine ya wastani yenye joistiki nzuri (mpini wa kuongozea ndege) inaishinda mashine kali isiyokuwa nayo. Gemu za risasi zinadai fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde na zaidi maana adui hutokea ghafla. Cessna inakaa hewani nusu saa ikiutazama mlima uleule. Fremu 30 zilizotulia zinatosha, na hapo tu umeshaokoa pesa nyingi za kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu. Kero kubwa ni picha kukwamakwama ukiwa umebakiza futi 200 utue, na dawa yake mara nyingi ni RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kutosha na diski ya SSD, ile ya kasi.

Tuzitazame gemu zenyewe. FlightGear ni ya bure kabisa, imekuwepo tangu miaka ya 1990, na inakubali kompyuta za kawaida za ofisi. Sura yake haivutii sana, ila ndege zake zinaruka kwa kufuata kanuni halisi, na kwa mtu anayetaka kujua kama hamu yake ni ya kweli sioni pa kuanzia palipo bora. X-Plane 12, iliyotoka mwaka wa 2022, inauzwa, lakini ina toleo la majaribio lisilolipiwa, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mandhari yake hukaa kwenye diski yako, kwa hivyo ukishaipakua huhitaji intaneti ya kuruka. DCS World ya ndege za kivita inatolewa bure pamoja na ndege mbili, Su-25T na TF-51D. Nyingine zote utanunua, na inakula diski na RAM bila huruma. War Thunder nayo ni ya bure na nyepesi, ila wengi humo huchezea kipanya, tena huwapiga wenye joistiki. Ukiwa ni wa War Thunder peke yake, pesa za joistiki weka mfukoni.

Microsoft Flight Simulator ndiyo inayowatia watu tamaa, na ndiyo ya kuhesabiwa kwa makini. Ile ya 2020 iliwekewa kima cha chini cha RAM ya GB 8, kadi yenye GB 2 na nafasi ya GB 150 kwenye diski. Kinachopendekezwa ni RAM ya GB 16. Ile ya 2024 inaanzia GB 16 na kupendekeza 32. Diski inayodai ni ndogo zaidi, GB 50 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya dunia yake inatiririka kutoka mtandaoni unaporuka. Hapo ndipo penye mtego. Kima chake cha chini cha intaneti ni megabiti 10 kwa sekunde, inayopendekezwa ni 50. Piga hesabu: laini ya megabiti 10 ikitumika yote kwa saa nzima inapitisha GB 4.5. Mwenye faiba ya mwezi mjini Kisumu au Nakuru hatajali. Anayenunua bando la simu kule Ugunja au Mumias atarusha ndege jioni moja na bando likaisha kabla hajatua. Na kama unapanga kupakua gemu ya GB 100 kwa laini hiyohiyo ya megabiti 10, jua ni zaidi ya saa 22 bila kukatika. Aliye mbali na faiba achague X-Plane au FlightGear, apeleke kompyuta kwa rafiki wa mjini wikendi moja, apakue kila kitu, arudi nayo.

Tuje kwa mashine. Maduka mengi huku yanauza kompyuta za mtumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, HP ProDesk. Ni imara na bei yake ni ya kuelewana, lakini si zote zinazofaa. Yale makasha madogo kama kitabu kinene hayana nafasi ya kadi ya michoro, yaache. Makasha membamba yanakubali kadi fupi za kimo cha chini pekee, na pawasaplai zake (vifaa vya ndani vya kugawa umeme) mara nyingi ni za wati 180 hadi 250 hivi, bila waya wa ziada wa kulisha kadi. Hiyo ina maana kwamba kadi lazima ijilishe kutoka kwenye sloti yake, ambayo mwisho wake ni wati 75. GTX 1650 ya kimo cha chini isiyo na tundu la waya inaingia humo vizuri, na GTX 1050 Ti ya GB 4 vilevile. Kasha refu la mnara ni bora kama utalipata, kwani siku ukipata pesa utabadilisha kadi bila kubadilisha kila kitu.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, usiikadirie kwa maneno ya "i5" au "i7" pekee. Core i7 ya kizazi cha tatu inashindwa na Core i5 ya kizazi cha nane, na wauzaji wanalijua hilo kukuzidi. Gemu za ndege hutegemea sana kasi ya kiini kimoja, kwa hivyo zile kompyuta kubwa za wachoraji zenye Xeon ya viini vingi vya mwendo wa pole hazikupi faida unayoidhania. Ningesisitiza kizazi cha nane kwenda juu kwa sababu nyingine pia: Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kuanzia kizazi hicho. EliteDesk 800 G4 ni ya kundi hilo; OptiPlex 7010 ya zamani, ambayo utaiona imepangwa dirishani kwa bei ya kuvutia, ni ya kizazi cha tatu.

Kadi ya michoro ya mtumba usiipokee kwa kuangalia stika. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na Windows inaamini. Nenda dukani na flashi yenye GPU-Z. Ni programu ndogo ya bure, na kadi ya uongo ya NVIDIA ikigunduliwa inaandikwa FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa flashi yako ichomekwe, mwombe aipakue GPU-Z yeye mwenyewe. Akikataa na hilo, umeshapata jibu. Ukifika nyumbani, chomeka monita kwenye kadi, siyo kwenye tundu la picha la kompyuta yenyewe, la sivyo kadi italala tu humo. Monita yenyewe isikusumbue: ya ofisi ya 1600 kwa 900 inaipunguzia kadi kazi. Angalia tu matundu, maana kompyuta hizi zina DisplayPort na monita nyingi zina HDMI, na adapta ni pesa nyingine.

Joistiki ndiyo ningekaa nayo muda mrefu zaidi pale kaunta. Ya kuanzia inayopatikana kwa urahisi ni Logitech Extreme 3D Pro. Mpini wake unazunguka kushoto na kulia, na mzunguko huo unafanya kazi ya pedali za usukani, kwa hivyo pedali za miguu unaweza kuzisahau kwa mwaka mzima. Ina pia kiwiko kidogo cha mafuta (throttle) kwenye kitako. Thrustmaster T.16000M inatumia sumaku badala ya vipande vinavyosuguana, kwa hivyo haichakai haraka katikati, na inamfaa hata anayetumia mkono wa kushoto. T.Flight HOTAS X ina kiwiko cha mafuta kilichojitenga kwa ajili ya mkono wa pili, jambo linalowapendeza wa ndege za kivita. Ukipewa joistiki ya zamani yenye plagi pana ya pini 15 badala ya USB, irudishe hata kama ni ya bure.

Namna ya kuipima ni hii. Ichomeke kwenye kompyuta ya duka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha fungua sifa zake. Utaona kisanduku chenye alama ndogo ya kujumlisha. Zungusha mpini polepole hadi pembeni kabisa, duara kamili, kama unayefuta sufuria. Alama inapaswa kufuata bila kuruka. Achilia. Irudi katikati na itulie. Ikitetemeka yenyewe hali hujaigusa, au ikitulia kidogo upande, ujue ndani pamechakaa, na ndege yako itakuwa inapinda kidogo siku zote. Kutetemeka kidogo sana kunafichika kwa kuweka eneo tulivu (deadzone) kwenye mipangilio ya gemu. Kuruka kwa ghafla hakufichiki. Zungusha na mpini wenyewe, kwani mzunguko ndio unaokufa mapema, kisha bonyeza kila kitufe ukihesabu taa zinazowaka kwenye skrini.

Wengine watakuambia ununue usukani wa mezani kama wa Cessna halisi. Ni mzuri, lakini unakula meza nzima na bei yake inaweza kufika nusu ya kompyuta. Subiri. Kinachokufaa mapema zaidi ni kiwiko au gurudumu moja la ziada la kupangia mchanganyiko wa mafuta na hewa, hasa ukirukia huku kwetu. Uwanja wa Kisumu uko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, wa Eldoret unapita 2,100. Hewa ya Eldoret ni nyepesi. Cessna usipoipunguzia mafuta itakohoa na kula njia yote ya ndege kabla haijanyanyuka. Mwanzo unaweza kutumia kibodi kwa hilo. Kama una kamera ya wavuti, pakua opentrack, programu ya bure inayofuata kichwa chako ili ukigeuka kutafuta uwanja, rubani naye ageuke.

Stima isisahaulike kwenye bajeti. Kisii, Kakamega na kandokando ya ziwa ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi nchini, na radi haiingii kwa waya wa umeme peke yake. Inaingia hata kwa waya wa ruta. Wingu likianza kunguruma, chomoa vyote viwili. UPS, betri ya akiba ya kompyuta, itakupa dakika za kuzima kwa adabu, si za kumaliza safari, na ile iliyoandikwa 650VA haibebi wati 650, ni kama 360 au 390 tu. Usichomeke humo monita mbili na spika. Anayekaa Dunga au Usoma, kando ya ziwa pale Kisumu, ana adui mwingine: wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, wanaokuja kwa makundi kufuata taa. Fungua kasha la kompyuta iliyokaa karibu na dirisha la huko na utakuta wamekauka kwenye mapezi ya kipoza kama unga wa majani ya chai. Hapo prosesa inapata joto na kujipunguzia kasi, na mwenyewe anadhani gemu ni nzito. Weka chandarua chepesi dirishani na upulize vumbi kila baada ya miezi michache. Nakuru nako vumbi lipo la kutosha.

Kwa kugawa pesa, mimi hufuata hivi: katika kila shilingi kumi, sita kwa kompyuta, kadi na monita, moja na nusu kwa joistiki, moja na nusu kwa UPS na kinga ya stima, moja ibaki ya adapta, kebo na usafiri. Atakayezidisha zile sita ataumia upande wa joistiki.

Na usafiri una mambo yake. Wengi huagiza Nairobi na kutumiwa kwa basi. Kabla ya kulipa, omba video ya mashine ikiwashwa, namba ya utambulisho (serial number) ya kasha ikionekana na gemu au kipimo kikikimbia kwa dakika ishirini bila kuzima. Mwambie muuzaji aitoe kadi ya michoro na kuifunga peke yake, kwa sababu kadi nzito ikining'inia ndani ya kasha kwenye barabara hii huvunja sloti. Ikifika, irudishe kadi kwenye sloti, uwashe siku hiyohiyo, upime kila tundu la USB, hata kama bado hujapata nafasi ya kucheza. Muulize pia kama siku za waranti zinahesabiwa tangu tarehe ya risiti au tangu mzigo ulipokufikia, na jibu lake liandikwe kwenye risiti hiyohiyo.