Ndege ya alfajiri kutoka Mwanza na kuunganisha Dar msimu wa Krismasi

Anayetoka Mwanza kwenda nje ya nchi mwezi Desemba, iwe Nairobi, Muscat au Ulaya, mara nyingi hupanda ndege mbili: ya alfajiri mpaka Dar es Salaam, kisha ya kimataifa kutoka Uwanja wa Julius Nyerere. Kwa jeti, Mwanza hadi Dar ni kama saa moja na nusu angani. Kipande hicho kifupi ndicho kinachowaponza watu. Na wengi wanaoachwa na ndege ya pili hawakuponzwa na foleni ya asubuhi ile. Waliponzwa siku waliyonunua tiketi.

Tiketi moja au mbili

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: safari yote iko kwenye buking moja, yenye namba moja ya herufi na tarakimu sita, au ni buking mbili? Ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine. Zikiwa mbili, shirika la pili halikujui mpaka usimame mbele ya kaunta yake. Likifunga hujafika, umehesabiwa kuwa hukutokea, na tiketi nyingi za bei nafuu hufia hapo, pamoja na ile ya kurudia. Wakala anaposema "nimekuunganishia", mwambie akuonyeshe namba ya buking.

Hakikisha pia ameandika namba yako ya simu na si yake. Ratiba za Desemba hubadilika, na ujumbe wa mabadiliko hutumwa kwa namba iliyo kwenye buking. Kama ni ya wakala, ujumbe utalala kwenye simu yake huku wewe unapanga mabegi. Angalia buking yako mwenyewe siku tatu kabla, siku moja kabla, na jioni ya mwisho kabla ya kulala.

Majina kwenye tiketi yafuate pasipoti herufi kwa herufi. Mtu mwenye majina mawili kwenye tiketi na matatu kwenye pasipoti kwa kawaida hapati shida, ila jina la ukoo lililokosewa humsimamisha mtu kaunta wakati dakika zinahesabika. Kurekebisha wiki moja kabla ni jambo dogo.

Kusoma saa

Tiketi huandikwa kwa saa 24, sisi tunahesabu kuanzia macheo. Kosa linatokea hapo. Saa ya tiketi ikiwa kati ya 01 na 06, ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ikiwa kati ya 07 na 18, toa sita: 11:00 ni saa tano asubuhi. Kuanzia 19, toa kumi na nane: 19:15 ni saa moja na robo usiku. Na 00 ni saa sita usiku.

Hiyo 00 ndiyo ya kuogopa. Ndege nyingi za masafa marefu huondoka usiku wa manane. Tiketi inayosema tarehe 25 Desemba, 00:40, maana yake uwe uwanjani tarehe 24 kama saa tatu na nusu usiku. Anayekwenda usiku wa tarehe 25 atakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Iandike kwenye karatasi kwa Kiswahili chetu: "usiku wa kuamkia tarehe 25". Maneno hayo hayana njia mbili.

Kumbuka na tofauti ya saa kule unakotua. Nairobi, Entebbe na Addis Ababa saa zao ni sawa na za Dar; Kigali na Bujumbura wako nyuma kwa saa moja; Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja. Tiketi daima huandika saa ya mahali ndege inapoondoka au kutua.

Piga hesabu kutoka mwisho

Anza na ndege ya pili urudi nyuma. Tuseme ya kimataifa inaondoka 11:00, na kaunta inafungwa saa moja kabla kama ilivyo kawaida ya mashirika mengi, yaani 10:00. Ndege ya Mwanza inaruka 06:00 na kutua 07:30. Kushuka na kusubiri begi kwenye mkanda kunakula dakika 30 hadi 45. Kuhama jengo na kupita ukaguzi wa mlangoni, weka nusu saa nyingine, maana Desemba foleni ya mlangoni hutoka nje. Umefika kaunta 08:45 hivi, na una saa moja na robo ya akiba.

Badilisha sasa ndege ya pili iwe ya 09:30. Kaunta inafungwa 08:30, wakati wewe bado unasukuma toroli. Kwenye skrini ya wakala saa mbili kati ya ndege mbili zinapendeza. Kwa miguu hazitoshi. Kwa tiketi mbili tofauti, msimu wa sikukuu usikubali chini ya saa nne kati ya kutua na kuruka. Kama tiketi ya pili ni ya Ulaya au Marekani na imekugharimu akiba ya mwaka, nenda Dar siku moja kabla. Kulala nyumba ya wageni au kwa ndugu ni nafuu kuliko kununua upya.

Ndege ya kwanza ya siku bado ndiyo bora kwa kuunganisha. Ucheleweshaji hurithiwa: ndege iliyochelewa asubuhi huchelewesha safari zake zote mpaka usiku. Ila Mwanza ina jambo lake. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea Ziwa Victoria na kukutana juu yake, kwa hiyo radi na mvua kubwa za ziwani hupenda usiku wa manane na alfajiri. Asubuhi ya namna hiyo ndege husubiri wingu lipite. Dakika 40 za kusubiri ni za kawaida, na hesabu yako izibebe bila kuvunjika.

Mizigo, na boksi la samaki

Begi moja la kilo 23 ndicho kipimo cha kawaida, lakini tiketi za ndani na za kimataifa hazilingani kila mara. Fuata kile kidogo kati ya viwili. Begi moja lisizidi kilo 32 hata ukilipia, maana ndicho kikomo cha mtu kulinyanyua.

Pawabenki haziingii kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, hubebwa mkononi. Kikomo bila ruhusa ya shirika ni wati-saa 100. Ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 imezidi. Iliyofutika maandishi inaweza kuchukuliwa, kwa sababu mkaguzi hana namna ya kujua uwezo wake.

Asali, achari, pilipili ya kusaga na mafuta ya nazi huhesabiwa kama vimiminika. Safari ya kimataifa hairuhusu mkononi chombo kinachozidi mililita 100. Viweke kwenye begi kubwa, kila kimoja kimefungwa peke yake. Mfuko wa plastiki wa kubebea vitu umepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019 na Kenya tangu Agosti 2017, basi zawadi zifungashe kwa mfuko wa kitambaa.

Halafu samaki. Hakuna anayetoka Mwanza mikono mitupu, na sato au sangara kwa ndugu wa Dar ni heshima. Gandisha siku nzima mpaka wawe mawe, funga kila mmoja kwa gazeti, panga ndani ya boksi la jokofu, ziba kifuniko kwa gundi ya utepe kuzunguka pande zote. Usiweke barafu ya maji: ikiyeyuka itavuja, na boksi linalovuja hukataliwa kaunta. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni iliyogandishwa, inahitaji idhini ya shirika, isizidi kilo 2.5 kwa mtu, na boksi lake liachiwe upenyo kwa sababu gesi hiyo lazima itoke. Lakini kama unaendelea nje ya nchi, boksi hilo liishie Dar. Panga mtu alipokee uwanjani. Kuvusha samaki mpakani kunadai vibali vya nchi unayotoka na unayoingia, na asubuhi ya kuunganisha si wakati wa kuvitafuta.

Kaunta ya Mwanza, kabla begi halijaondoka, soma herufi tatu kubwa kwenye lebo. DAR maana yake utalichukua Dar mwenyewe. NBO ni Nairobi, MCT ni Muscat. Kisha uliza kwa sauti: "Hili nalichukua wapi?" Hata wenye buking moja waulize. Piga picha begi na ile namba ya tarakimu kumi.

Usiku wa kuamkia safari

Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Kwa ndege ya 06:00 uwe mlangoni 04:15, yaani saa kumi na robo usiku. Kaunta za ndani mara nyingi hufungwa dakika 40 kabla. Anayetoka Buhongwa au Nyegezi lazima avuke mji mzima, basi aondoke saa tisa na nusu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko, lakini saa zile hakuna basi la kutegemea, alale mjini. Wa Ukerewe vilevile.

Usitegemee programu ya teksi pekee saa tisa usiku. Madereva huwa wachache na safari hughairiwa. Panga na dereva unayemfahamu, mpigie saa mbili usiku kuthibitisha, muulize kama ameshaweka mafuta, na uwe na namba ya wa pili. Bodaboda na begi la kilo 23 gizani, usijaribu. Chaji simu mapema jioni, umeme usije ukakatika ukiwa umelala, na weka kengele kwenye simu mbili.

Mkobani, pahala pa kufikika bila kufungua begi: pasipoti yenye zaidi ya miezi sita, tiketi zote mbili zilizochapwa, na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote. Hata anayekwenda Nairobi tu aibebe, maana wakati wa kurudi Tanzania huiulizia kwa wanaotoka Kenya. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebewe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine.

Dar: kutoka Jengo la Pili hadi la Tatu

Ndege za ndani hutumia Jengo la Pili, za kimataifa Jengo la Tatu, lililoanza kazi Agosti 2019. Soma tiketi uhakikishe. Anayeunganisha na ndege ndogo aangalie zaidi, maana baadhi ziko Jengo la Kwanza, na huko unazunguka kwa gari.

Omba kiti cha mbele tangu Mwanza. Mkiwa wawili, mmoja asubiri mabegi, mwingine atangulie na pasipoti zote na kuwaambia wa kaunta kwamba mwenzake yuko mkandani. Si sheria, ila mara nyingi watasubiri. Jengo la Tatu lina ukaguzi mlangoni, kaunta, uhamiaji, kisha ukaguzi wa pili. Usikae mgahawani kabla ya uhamiaji. Vuka kwanza, chai baadaye.

Mambo yakiharibika

Tangazo la kuchelewa likitoka Mwanza, usingoje kutua. Piga simu shirika la pili kabla kaunta yao haijafungwa, uombe kuhamishwa. Kubadilisha kabla ya ndege kuondoka kwa kawaida kuna faini. Baada ya kuondoka mara nyingi hakuna cha kubadilisha. Omba shirika la kwanza barua au muhuri unaoonyesha muda wa kuchelewa. Utaihitaji kwa bima, na pengine itamlainisha wa kaunta ya pili.

Ukikosa ndege ya Mwanza na kuamua kufika Dar kwa njia nyingine, liarifu shirika kabla. Usipofanya hivyo, kipande cha kurudi hufutwa chenyewe, na utagundua Januari nafasi zikiwa zimejaa.

Begi lisipotokea mwisho wa safari, usitoke ukumbi wa mizigo bila kuandikiwa ripoti na kupewa namba yake. Kwa safari za kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipopewa. Lisipoonekana kwa siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, unaweza kulidai kama limepotea. Weka nguo za siku moja na dawa zako kwenye begi la mkononi, na stakabadhi za ulivyolazimika kununua usizitupe.