Jinsi ya kuelewa vifupisho vya kwenye meseji na mitandaoni bila kukariri listi

Kuna siku rafiki yangu kaniandikia "niko bize atm ntakucheki", mi nikajua yupo kwenye mashine anatoa hela, nikakaa nasubiri nikiwaza huyu foleni yake ndefu kiasi gani. Kumbe ATM hapo ni "at the moment", yaani kwa sasa hivi. Toka siku hiyo nikaacha kukariri maana ya vifupisho, maana kimoja kinaweza kubeba vitu viwili vitatu na vipya vinazaliwa kila wiki. Ukijua vinavyotengenezwa hata ambacho hujawahi kukiona utakibahatisha tu.

Kitu cha kwanza, kisome kwa sauti. Sitanii, kitamke. Kiswahili chetu cha meseji kimeazima majina ya herufi na namba za Kiingereza, c inasomeka si, 2 inasomeka tu. Kwa hiyo m2 ni mtu, wa2 ni watu, k2 ni kitu, 2ko ni tuko, cjui ni sijui, ucjali ni usijali, bac ni basi. Waingereza nao wanafanya hivyo hivyo, gr8 ni great, b4 ni before, na CU ni see you, tutaonana.

X ndo inawachanganya wengi, xaxa, xana, xema. Hapo x imekaa mahali pa s tu, hamna siri. Ila kama uliwahi kutumia simu ya vitufe we fikiria kidogo: s ipo kitufe cha 7 unabonyeza mara nne, x ipo kitufe cha 9 unabonyeza mara mbili. "Sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. Na "si" ni 7 wakati c ni 3. Halafu meseji moja ya kawaida mwisho wake herufi 160, ukipitiliza inahesabika mbili, kwa hiyo kubana maneno ilikuwa na faida yake. Siku hizi tunagusa kioo na hizo herufi zipo zipo tu, mtu anaandika xaxa kwa swaga, na kuna wanaokereka nayo kweli (mimi mmoja wao, ila naielewa).

Ukitamka hakuna kitu, rudisha irabu. Hapa watu wametoa a, e, i, o, u wakabakiza mifupa: lkn lakini, kbs kabisa, hbr habari, vp vipi, nlkw nilikuwa, kwl kweli. Zile za kurudia ni rahisi, mm mimi, ww wewe, yy yeye. Angalia ss tu, huwa naiona kwa sisi na kwa sasa, sentensi ndo itakwambia.

Bado hakuna kitu? Basi ni herufi za mwanzo za maneno, na mara nyingi maneno yenyewe ni ya Kiingereza. Zinazokutana na mtu kila siku: BTW by the way, yaani halafu pia, TBH to be honest, kusema ukweli, IDK sijui, BRB narudi sasa hivi, NGL not gonna lie, sidanganyi, ICYMI kama ilikupita, TBT picha ya zamani inayopostiwa Alhamisi, SMH shaking my head, natikisa kichwa kwa kusikitika au kushangaa ujinga wa mtu, HBD happy birthday, IYKYK anayejua anajua, hiyo ukiiona na huelewi basi hukuwepo, usijisumbue. Na usidhani ni mambo ya watoto wa juzi, OMG (oh my God, yaani Mungu wangu) ilishaandikwa kwenye barua mwaka 1917, admirali mmoja wa Uingereza anaitwa Fisher akimwandikia Winston Churchill.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Usikomee kwenye maana ya kwanza iliyokujia, isome ndani ya sentensi yote na uangalie nani kaandika. PM inaweza kuwa saa za kuanzia mchana hadi usiku wa manane, waziri mkuu, au "nifuate pembeni tuongee". LOL ni laughing out loud, nacheka kwa sauti, lakini David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa anamalizia baadhi ya meseji zake na LOL akidhani ni "lots of love", ikaja kujulikana kwenye uchunguzi wa hadhara mwaka 2012 na watu wakamcheka. Sasa chukulia umemwandikia hivyo mtu aliyefiwa. Kama huna uhakika na kifupisho usikitumie kwenye msiba, kazini wala kwa mzee, andika neno lote, haliumi.

Kicheko chenyewe kila lugha na chake: Mfaransa anaandika mdr, Mbrazili kkkk, Mhispania jajaja, Mthai 555 kwa sababu tano kwao inatamkwa ha. Na 143 ni "I love you", idadi ya herufi za kila neno, ukitumiwa hiyo ujue sio namba ya simu iliyokatika.

Ukikwama kabisa andika kifupisho kwenye gugo na neno "maana" mbele yake. Urban Dictionary ipo toka 1999 inasaidia, ila yeyote anaweza kuandika humo na wengine wanaandika utani, soma maana tatu nne uone ipi inaingia kwenye sentensi yako. Au muulize tu aliyekutumia, "hiyo smh ndo nini?", anakujibu kwa sekunde.

Haya jaribu hii: "xaxa m2 wng ckukuona jana nlkw bize kbs, ntaku DM bdae ucjali". Sasa mtu wangu, sikukuona jana, nilikuwa bize kabisa, nitakufuata inboksi baadaye, usijali. Kama ulikwama kwenye wng na bdae rudi kule kwenye irabu.