Usitupe mota ya mtetemo kabla hujaipima hivi

Wadau, wiki hii nimeletewa hapa Luthuli, mtaa wa mafundi Nairobi, simu tatu, zote "mota imekufa". Mbili zilikuwa nzima kabisa.

Kwanza, weka bisibisi chini. Ingia mipangilio, sehemu ya sauti na mtetemo. Kibodi nayo ina swichi yake, na kwenye simu kadhaa hali ya kuokoa betri huuzima mtetemo kimyakimya. Simu ikitetemeka inapoita lakini kibodi imenyamaza, mota haina kosa.

Pili, fungua ujue una mota gani. Ya kuzunguka ina uzito uliokaa upande mmoja wa kijiti. Uzito ukizunguka, simu inayumba. Ya mstari ina sumaku juu ya springi, inaenda na kurudi karibu mara 200 kwa sekunde. Usihukumu kwa umbo, maana zote mbili huja hata kama kisarafu.

Tatu, na hapa ndipo mafundi tunapoumiza wateja. Ya kuzunguka ukiipa volti 3 za pawa saplai, inavuma. Ya mstari inataka umeme unaogeuka mwelekeo, kwa hiyo hapo itashtuka "tik" mara moja, kisha kimya. Hiyo tik ndiyo uhai wenyewe! Toa waya upesi, koili (waya uliosokotwa ndani ya mota) isipate moto, halafu pima kwa mita: ukisoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache hadi makumi machache, iko sawa. Isiposoma kitu, imekatika.

Mwisho futa pini kwa spiriti na ukaze skrubu. Mota iliyolegea hujitikisa yenyewe badala ya kutikisa simu.

MASWALI

Mdau wa Kayole: Fundi, naweza kuweka ya kuzunguka mahali pa ile ya mstari? Ni rahisi.
Jibu: Hapana ndugu yangu. Umeme utakaoipata si wake.

Mdau wa Umoja: Mbona simu yangu huvuma kama nyuki, ya mke wangu inadonoa tu?
Jibu: Yako ni ya kuzunguka, uzito unachelewa kushika kasi na kusimama. Ya mstari huanza na kukoma haraka. Kitufe cha Home cha iPhone 7 ya 2016, kile cha chini ya skrini, hata hakibonyei, kidole kinadanganywa na mtetemo. Izime uone.

Mdau wa Rongai: Nikiwa kwenye matatu sisikii mtetemo mfukoni.
Jibu: Na ule muziki unaotikisa viti? Ishike mkononi. Ila funga dirisha kwanza.