Namna ya kuitazama Caprica hadi mwisho

Watu wengi ninaowashawishi waitazame Caprica, tamthilia ya televisheni ya Marekani, huniuliza baada ya sehemu mbili tu: "Sasa vita viko wapi?" Wanaingojea tamthilia nyingine. Hii ilianza kurushwa Januari 2010, na hadithi yake iko miaka 58 kabla ya Battlestar Galactica, tamthilia ya vita vya angani iliyoitangulia, wakati Wasailoni, maroboti yatakayokuja kuwaangamiza wanadamu wa sayari kumi na mbili ndiyo kwanza yanaundwa. Ni hadithi ya nyumba mbili zilizofiwa. Ikae hivyo kichwani kabla hujaiwasha.

Kuhusu utangulie ipi, mimi nasema Galactica kwanza: ile fupi ya utangulizi ya 2003, halafu misimu yake minne. Caprica inakuonyesha mapema imani ya mungu mmoja ya Wasailoni ilikoanzia, na jambo hilo lina nguvu zaidi likikukuta hujui. Ila kama mapigano ya angani hayakuvutii kabisa, anza na Caprica. Kitakachokupita ni mshangao mmoja mwishoni, unaohusu ukoo wa Adama, kamanda wa meli ya Galactica.

Sehemu ya kwanza ni ndefu, kama saa moja na nusu. Itazame kwa mkao mmoja. Treni inalipuliwa, na Zoe, binti wa tajiri wa kompyuta Daniel Graystone, anakufa. Ndani ya treni hiyo hiyo Joseph Adama, wakili mhamiaji kutoka sayari ya Tauron, anapoteza mke na binti yake Tamara. Chukua daftari, gawa ukurasa katikati, Graystone huku na Adama kule, kisha andika kila mmoja anafanya nini na msiba wake. Mimi na mdogo wangu tulifanya hivyo mezani kwetu, na majina yakaacha kutuchanganya. Acha nafasi chini kwa ajili ya Clarice Willow, mkuu wa shule ya Zoe, umwandike kila anapokuwa mpole kupita kiasi.

Washa maandishi ya chini pia. Joseph na mdogo wake Sam huingia katika lugha yao ya Kitauron pale mambo yanapokuwa mazito.

Sasa shika jambo hili vizuri, maana bila hilo yaliyobaki hayaeleweki. Kabla ya kufa, Zoe alitengeneza nakala yake mwenyewe inayoishi katika ulimwengu pepe, kwa programu inayokusanya kumbukumbu za mtu, kuanzia vipimo vya hospitali na matokeo ya shule hadi manunuzi yake. Daniel anaipata na kuitia ndani ya roboti la kijeshi, U-87, kwa kutumia chipu iliyoibwa kwa mshindani wake wa kibiashara, Tomas Vergis, huko Tauron. Wizi huo upigie mstari daftarini, kwa sababu una damu. Kisha Daniel anaamini kwamba jaribio limeshindikana na nakala imepotea. Binti yumo ndani ya chuma, baba hajui.

Kuanzia hapo kamera inabadilishana: mara unaliona roboti, mara Zoe akiwa amesimama mahali pale pale. Kila picha inapobadilika, jiulize nani anatazama wakati huo. Mafundi wa maabara wanaona mashine. Wewe unaona msichana anayeguswa kama kifaa.

Sehemu ya tano ndiyo moyo wa tamthilia nzima, na ningependa uitazame ukiwa hujachoka. Daniel, akipigania kampuni yake, anasimama mbele ya bodi ya wakurugenzi na kuliamuru roboti ling'oe mkono wake lenyewe. Linang'oa. Ndipo anapowauzia ndoto ya wafanyakazi wasiochoka, wasiodai mshahara, wasiokataa amri. Simamisha hapo. Wanaopiga hesabu za faida mezani hawajui kwamba aliyetii ni mtoto wa mwenye kampuni. Kwangu mimi, chuki ya Wasailoni kwa wanadamu imezaliwa ndani ya chumba hicho, miongo kadhaa kabla ya vita vikubwa. Na sehemu hiyo hiyo inampeleka Joseph na mwanawe William kwenye mila ya Kitauron ya kuwaaga wafu. Nyumba moja inakubali kuzika, nyingine inakataa. Yalinganishe hayo mawili kwenye daftari lako.

Ya nane nayo usiitazame na watoto wadogo. Daniel ameanza kushuku, hivyo analizungushia roboti moto, akijua binti yake aliuogopa moto tangu utotoni.

Baada ya ya tisa mwendo unalegea. Mambo ya Ha'la'tha, genge la Watauron, yanajirudia, na safari za sayari ya Gemenon zingeweza kufupishwa. Vumilia bila kuruka, kwa sababu Lacy, rafiki wa Zoe, anakua katika sehemu hizo.

Ziko 18 kwa jumla. Tamthilia ilisitishwa Oktoba 2010, na Wamarekani wakaoneshwa tano za mwisho kwa siku moja, tarehe 4 Januari 2011. Kwa hiyo ya mwisho isikupite hata dakika: hadithi inapoonekana imeisha, inaruka miaka mbele na kukuonyesha msimu wa pili ulikokuwa unaelekea. Ukibaki na maswali kuhusu Wasailoni wenye sura za binadamu, Caprica haitakujibu. Majibu yamo katika msimu wa nne wa Galactica.