SOMO: Kioo cha umeme cha gari kimegoma? Usinunue mota kwanza

Habari zenu wakuu. Mvua ikianza ndo vioo vinagoma, unakuta kimebaki nusu, siti inaloa, mtu anakimbilia kununua mota ya yuzdi anafunga na bado hakipandi. Mimi yalinikuta, hela ya mota ikaenda kumbe ni waya tu umekatika, iliniuma sana, ndo maana naandika hapa.

Hatua ya 1. Weka ufunguo ON, zima redio, bonyeza swichi usikilize. Mota ikinguruma na kioo hakisogei, waya wa regyuleta (kile chuma cha ndani ya mlango kinachopandisha na kushusha kioo) umekatika au kioo kimechomoka kwenye kishikio. Kikipanda kwa kujivuta ni raba za pembeni zimekauka. Kimya kabisa, twende hatua ya 2.

Hatua ya 2. Vimekufa vyote? Angalia fyuzi, mara nyingi ni ya 30A. Vya abiria tu? Angalia kitufe cha loki mlango wa dereva, watoto hukibonyeza.

Hatua ya 3, na hii mafundi wengi wanairuka. Shikilia swichi huku unafungua na kufunga mlango taratibu, kioo kikishtuka tu basi waya umekatika ndani ya ile raba inayotoka kwenye bodi kuingia mlangoni, maana pale unakunjwa kila siku. Ulehemu kwa risasi uufunike vizuri, ukisokota na selotepu tu utakatika tena.

Hatua ya 4. Fungua kava la mlango, skrubu huwa zimejificha nyuma ya kitasa na pale pa kuvutia mlango, halafu klipu. Ile nailoni ya ndani usiichane, inazuia maji. Chomoa soketi ya mota, peleka umeme wa betri kwenye nyaya zake mbili nene (waya wako uwe na fyuzi), ukigeuza nyaya mota inageuza mzunguko. Ikizunguka mota ni nzima, shida ni swichi au waya. Isipozunguka igonge kidogo na mpini wa bisibisi, ikiamka ujue brashi za ndani (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota) zimeisha.

Swichi ya dereva inafunguka, zile shaba zikiwa nyeusi pitisha msasa laini. Na kwenye magari mengi umeme wa kioo cha abiria unapitia humo humo, kwa hiyo swichi ya abiria inaweza kuwa haina kosa lolote.

Kabla hujafungua mota au regyuleta bana kioo juu kwa selotepu pana, kikishuka ghafla kinakata vidole, tafadhali sana.

MASWALI

Swali: Mkuu, changu kinafika juu halafu kinarudi chenyewe.
Jibu: Kinadhani kimebana mkono. Safisha raba kwa kitambaa chenye maji, zikikauka puliza silikoni, usipake oili inaharibu raba. Kama ulichomoa betri, Toyota nyingi unapandisha kioo mpaka juu halafu unaendelea kushikilia swichi sekunde chache, oto (kioo kupanda chenyewe kwa kubonyeza mara moja) inarudi.

Swali: Kaka, kimedumbukia mlangoni na niko safarini, nifanyeje?
Jibu: Pole dada. Kama ncha inaonekana, kibane kwa viganja ndani na nje, uvute juu huku mwenzio anabonyeza swichi, kikifika kifunge kwa selotepu kupitia juu ya fremu. Swichi usiiguse tena mpaka kwa fundi.

Swali: Waya wa regyuleta umefumuka, fundi anataka auunge.
Jibu: Usikubali, hauchukui wiki. Nunua regyuleta nzima, na utaje mlango gani maana ya kushoto haiingii kulia.