Namna ya Kuandaa Kumbukizi ya Roger Scruton Jijini Mwanza

Roger Scruton, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeutetea uhafidhina, yaani msimamo wa kulinda mila na taasisi zilizorithiwa, kwa kalamu kwa takriban miaka 40, alifariki dunia tarehe 12 Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 75. Ikiwa wewe na wenzako mnamsoma na mngependa kumkumbuka kila ifikapo Januari, ushauri wangu ni kwamba msiandae hotuba za sifa, kwa sababu msomi hukumbukwa kwa kusomwa na kubishaniwa.

Chagueni kurasa mbili tu za kitabu chake cha mwaka 2014, How to Be a Conservative. Mmoja wenu azifasiri mapema kwa Kiswahili, na kila mhudhuriaji apewe nakala iliyoachwa ukingo mpana wa kuandikia hoja zake. Ukumbi mdogo wa maktaba au wa chuo unatosha, viti vikipangwa kwa duara.

Wasifu wa marehemu usizidi dakika kumi. Msemaji aeleze jinsi ghasia za wanafunzi mjini Paris mwaka 1968 zilivyomgeuza kuwa mhafidhina, kisha jinsi alivyofundisha kwa siri katika nyumba za watu huko Chekoslovakia, iliyokuwa chini ya utawala wa kikomunisti, hadi akafukuzwa nchini humo mwaka 1985. Aibu ya mwaka 2002 nayo isifichwe, ilipobainika kuwa alilipwa na kampuni ya tumbaku huku akiandika kuhusu uvutaji wa sigara bila kuwaarifu wasomaji.

Muda mwingi uachiwe mjadala, nao uanzie hapa Kanda ya Ziwa. Scruton alishikilia kwamba mambo mema ni rahisi kuyabomoa na ni vigumu kuyajenga, na kwamba jamii imara hukua kutoka chini, kupitia vyama ambavyo watu wameviunda wenyewe. Ipimeni hoja hiyo kwa historia ya ushirika wa pamba. Wakulima wa Usukuma, waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha ikavirejesha kwa sheria ya mwaka 1982. Msomaji wa Scruton ataona hapo ushahidi wa wazi, lakini mpeni nafasi pia atakayekumbusha kwamba ubadhirifu ndani ya vyama hivyo ulikuwa umelalamikiwa na wakulima wenyewe tangu miaka ya 1960. Mimi naona upande huo wa pili una nguvu kuliko wapenzi wa Scruton wanavyopenda kukiri.

Mwalikeni mzee aliyelima pamba Magu, Kwimba au Misungwi, naye apewe nafasi kabla ya wasomi, kwani akitanguliwa na watu wa vitabu huenda kwa heshima akakubaliana nao. Aulizwe mambo ya kushikika: nani alisoma mizani, malipo yalichukua muda gani, mkutano wa chama uliitishwaje.

Sato na ugali viletwe baada ya mjadala. Kabla watu hawajanawa mikono, kusanyeni nakala zilizoandikwa pembeni, kwa maana swali lililojirudia katika nyingi ndilo litakaloamua kurasa za Januari inayofuata.