Kabla hujaanza kuitangazia kasino ya mtandaoni, angalia haya

Vijana wengi wa Mombasa wameingia kwenye kazi ya kuzitafutia kasino za mtandaoni wachezaji. Mtaji wenyewe ni kompyuta, intaneti isiyokatika na kurasa mbili tatu zenye wafuasi. Lakini sheria inakazwa kila mwaka, na inapokazwa hutajwa mwenye kasino, huku pesa za kwanza kukatika zikiwa za anayemtangazia.

Anza na leseni. Nembo iliyobandikwa chini ya tovuti si ushahidi. Nakili jina la kampuni, namba ya leseni na anwani ya tovuti, ulinganishe na orodha ya mdhibiti mwenyewe, yaani mamlaka ya serikali inayotoa leseni. Vyote vitatu vilingane. Kenya ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Kamari mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966, kwa hiyo barua ya leseni ya miaka iliyopita isikutulize; taka leseni ya sasa. Leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibi kinachozipa leseni kasino nyingi za mtandaoni, haikupi ruhusa ya kutangaza Kenya, na hata huko kwenyewe sheria mpya ya Desemba 2024 iliondoa ule mtindo wa kampuni moja kuzigawia nyingine leseni yake.

Uliza pia wachezaji wanatakiwa kutoka nchi gani, nchi kwa nchi. Jibu la “Ulaya” halitoshi. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari mwaka 2018, Ubelgiji ikayabana sana Julai 2023, na India ikapitisha sheria ya kuzuia michezo ya pesa ya mtandaoni mwaka 2025.

Kwenye malipo, usidanganyike na “mgao wa maisha”, yaani ahadi ya kukupa asilimia ya pesa anazopoteza mchezaji uliyemleta, muda wote atakaocheza. Maisha yanayosemwa hapo ni ya leseni. Ikifa, mgao umekufa, hata kama mchezaji uliyemleta bado yuko. Soma pia mgao unahesabiwa baada ya kutoa nini. Uingereza imeamua kodi ya kasino za mtandaoni ipande kutoka asilimia 21 hadi 40 kuanzia Aprili 2026. Mchezaji akiiachia kasino 10,000 na mgao wako ni asilimia 30 baada ya kodi, ulikuwa unapata 2,370. Sasa ni 1,800, na hakuna barua utakayoandikiwa. Dai kifungu kinachosema kwamba ulichokwisha kukichuma hadi siku ya kusimamishwa kitalipwa ndani ya siku 30, na kwamba hasara ya mwezi mmoja, wachezaji wako wakishinda, haibebwi hadi mwezi unaofuata.

Sasa lile linaloangusha wengi: siku ya kusimamishwa haina hodi. Tarehe 29 Aprili 2025 matangazo yote ya kamari Kenya yalisimamishwa kwa siku 30, kuanzia runinga, redio na mabango hadi mitandao ya kijamii na ujumbe wa simu. Kampuni zikaambiwa zipeleke matangazo yao kwa Bodi ya Kuainisha Filamu yakaguliwe. Mwezi uliofuata masharti mapya yakawakataza watu maarufu na washawishi wa mitandaoni kutangaza kamari. Chukua ofisi ya watu wanne hapo Tudor siku kama hiyo. Wanaacha kuweka matangazo mapya, wanadhani wametii. Wamesahau ujumbe wa simu uliopangwa ujitume wenyewe Jumamosi kabla ya mpira. Video ya yule mchekeshaji bado imebandikwa juu ya ukurasa wake. Linki ya kasino iko kwenye maelezo ya kurasa kumi na moja, na stika zenye msimbo wa kuskani ziko nyuma ya tuktuk za Likoni. Kila kimoja kati ya hivyo ni tangazo linaloendelea, na kina jina la mteja wao, yaani kasino.

Kwa hiyo weka daftari la matangazo tangu siku ya kwanza: tangazo, mahali lilipo, nani ana nywila, tarehe ya kibali, na nani wa kuliondoa. Washawishi watie sahihi kwamba wataondoa video ndani ya saa 24 wakiambiwa. Na linki ya kasino usiitoe moja kwa moja. Pitisha zote kwenye tovuti yako mwenyewe, ili ukibadilisha mahali pamoja, stika, video na ujumbe wa zamani vyote viende kwenye ukurasa mtupu. Mwambie fundi aiweke kama elekezo la muda, yaani 302, asiweke 301 ambalo ni la kudumu. Elekezo la kudumu huhifadhiwa na kivinjari cha simu. Utabadilisha leo, na mtu aliyewahi kubofya ataendelea kupelekwa kasino. Kisha lijaribu kabla hujalihitaji, kwa simu iliyowahi kufungua linki hiyo.

Orodha za namba za simu za kununua, achana nazo. Anayefanya biashara ya kamari au kuuza kwa ujumbe wa moja kwa moja lazima ajiandikishe kwa Kamishna wa Kulinda Data hata biashara ikiwa ndogo, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Kila ujumbe uwe na njia ya kujitoa inayofanya kazi kweli.

Ankara zipitie eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi ya Kenya, la sivyo mteja atakwepa kukulipa. Bango la barabarani lina kibali chake cha kaunti. Google na Meta nao wana idhini yao kabla hujalipia tangazo la kamari.

Weka akiba ya gharama za miezi mitatu, na wateja wasiwe wa kamari peke yake. Julai 2019 kampuni 27 zilinyimwa leseni na namba zao za paybill, za kupokelea pesa kwa simu, zikafungwa. Aliyekuwa na mteja mmoja tu alibaki na ofisi na kodi ya nyumba. Usitumie picha za watoto wala sare za shule. Usiandike kwamba kamari ni njia ya kulipa karo. Na mteja akikuharakisha tangazo liingie usiku huu huu, mwulize kibali kiko wapi.